Kodi Kwenye Bidhaa: Majibu kwa Wasomaji wa Nakuru na Magharibi

Nimeona takwimu za Kenya: kodi kwenye bidhaa, ukitoa ruzuku, zinapanda tangu miaka ya sitini. Tunakamuliwa zaidi kila mwaka? (Nakuru mjini)

Si lazima. Takwimu hizo zikiwa kwa bei za wakati husika, zimebeba mfumuko wa bei pia. Gawanya kwa pato la taifa la mwaka uleule, uone asilimia. Na usichanganye matoleo: mwaka 2021 takwimu zilihamishiwa mwaka wa msingi wa 2016 (mwaka unaotumika kulinganishia mingine), na miaka ya nyuma ikakokotolewa upya. Kisha weka matukio pembeni: VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ilichukua nafasi ya kodi ya mauzo mwaka 1990, ikashuka kutoka asilimia 18 hadi 16 mwaka 2003, ikawa 14 Aprili 2020 wakati wa korona, ikarudi 16 Januari 2021.

PAYE imo humo? (Mwanafunzi, Maseno)

Haimo. Hiyo hukata mshahara. Humu mna VAT, ushuru wa bidhaa na ushuru wa forodha, kisha ruzuku za bidhaa zinatolewa. Ukijumlisha na thamani iliyozalishwa na sekta zote, unapata pato la taifa kwa bei ya soko.

Mwaka 2022 petroli ilipanda ghafla na hatukusikia kodi mpya. Ilikuwaje? (Bodaboda, Kakamega)

Swali zuri kuliko yote, kaka, kwa sababu hapo ndipo neno "ukitoa ruzuku" linapouma. Septemba 2022 serikali iliondoa ruzuku ya petroli. Lita jijini Nairobi ikaruka kutoka Sh159.12 hadi Sh179.30 usiku mmoja, bila kodi yoyote kuongezwa. Kitabuni, ruzuku ikipungua, kodi kwenye bidhaa ukitoa ruzuku inapanda, hata kama Hazina haijadai senti zaidi. Mwaka uliofuata ikawa kinyume: Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Hiyo sasa ni kodi yenyewe. Mambo mawili tofauti, safu moja, na abiria wako analalamikia nauli ileile. Mwanasiasa akikwambia "hatujaongeza kodi", muulize ruzuku imekwenda wapi.

Mbolea ya serikali inahesabiwa? (Mkulima, Njoro)

Inahesabiwa upande wa kutoa. Mfuko wa kilo 50 uliwekwa Sh3,500 mwaka 2022, kisha Sh2,500 mwaka 2023. Pengo kati ya bei hiyo na bei ya soko linabebwa na Hazina.

Sijasajiliwa VAT. Basi silipi? (Mama wa duka, Kibuye, Kisumu)

Unalipa, mama, ila huipeleki serikalini wewe mwenyewe. Usajili ni lazima mauzo yakifika Sh5 milioni kwa mwaka. Lakini tazama risiti ya duka la jumla: sabuni ya Sh116 ina Sh16 za VAT ndani yake. Aliyesajiliwa angezidai zirudishwe, wewe huwezi, kwa hiyo unaziingiza kwenye bei na mteja anazibeba. Mkate wa kawaida hauna VAT. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kuuwekea asilimia 16, pendekezo likaangushwa, na Juni mwaka huo mswada mzima ukaondolewa baada ya maandamano. Kwa hiyo msambazaji akikuongezea VAT kwenye mkate huo, mrudishie ankara.