Mjaribu Mmoja Hatoshi: Majibu kwa Wasomaji Wanaounda Programu

Swali: Hamjambo wahariri. Tuko sita katika kampuni ndogo hapa Kisumu, tunaunda programu ya mikopo ya Sacco ya bodaboda. Mjaribu wetu ni mmoja. Anakabidhiwa kazi Alhamisi jioni, Ijumaa tunatoa toleo. Akileta orodha ya dosari, walioandika msimbo (maagizo yanayoendesha programu) humjibu "kwangu inafanya kazi," na siku nzima inaliwa na ubishi. Tumesikia kuna timu zinazojaribu kwa pamoja. Tuanzeje? – Msomaji, Kondele

Jibu: Ubishi huo hauletwi na ukaidi wa mtu. Dosari ikifika kwenye orodha imeshapoteza nusu ya habari zake: simu ilikuwa gani, mtandao ulikuwaje, kipi kiliguswa kwanza. Aliyeiona alikuwa peke yake. Wakiiona watu wanne kwa mpigo, kinachobaki ni kuulizana imetokeaje.

Tengeni dakika 90 Jumanne asubuhi, ili zibaki siku za kurekebisha. Watu wanne au watano wanatosha, na wote watazame skrini moja: unganisheni simu na televisheni au projekta. Mmoja anashika simu na kufanya yale tu anayoambiwa na wenzake. Akipata wazo lake, anamkabidhi mwingine simu kisha analisema. Hivyo kila wazo linasikika kabla ya kutendwa. Kila baada ya dakika 10 simu ihamie kwa anayefuata. Mwingine aandike: tumefanya nini, tulitarajia nini, tumeona nini, toleo lipi, simu ipi, saa ngapi. Saa ndiyo itakayowasaidia kuipata dosari kwenye kumbukumbu za seva, yaani kompyuta kuu inayoendesha programu.

Msimwache nje karani wa Sacco anayehudumia wanachama dirishani. Yeye ndiye anayemjua mwanachama anayelipa kwa simu ya mkewe, au anayetuma zaidi ya deni.

Lengo liandikwe ubaoni kwa sentensi moja. "Tujaribu malipo" ni pana mno. Andikeni hivi: "Tuchunguze malipo ya mkopo mawasiliano yakikatika, tujue kama mwanachama anaweza kukatwa mara mbili." Kwa M-Pesa lengo hili lina uzito. Mwanachama akishaweka PIN, matokeo hutumwa kwenye anwani ya seva yenu. Yasipofika, programu nyingi huandika "malipo hayakufaulu," naye hulipa tena. Malipo hayo yanapaswa kubaki "yanasubiri" hadi seva iulize hali ya muamala, na kitufe cha kulipa kifungwe wakati huo. Angalieni msidanganyike hapa: kuzima data ya simu baada ya PIN hakuzuii matokeo kufika kwenye seva, kunaonyesha tu programu hufanya nini isipopata habari. Ili kujaribu matokeo yaliyopotea, zimeni ile anwani ya kupokelea kwenye seva ya majaribio (ile isiyotumiwa na wateja halisi). Yafanyeni yote mawili. Mjaribu akiwa peke yake hawezi kuizima anwani hiyo bila kumwomba mtu wa seva. Mkiwa pamoja, mtu huyo ameketi hapo.

Vikao huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza, aliyeandika sehemu inayojaribiwa huanza kuitetea. Asishike simu katika kikao hicho, na ajibu anapoulizwa. Ya pili, dosari ya kwanza ikitokea, wote hufungua kompyuta kuitengeneza, na dakika 90 zikaisha kwa dosari moja. Andikeni, endeleeni. Dakika 20 za mwisho ndizo za kuamua ipi inazuia toleo na nani anaibeba.

Swali: Bosi wetu anataka ofisi nzima ijaribu programu kwa saa mbili, na atakayepata dosari nyingi apewe zawadi. Je, inafaa? – Msomaji, Nakuru

Jibu: Ofisi nzima, ndiyo. Zawadi ya wingi, hapana: watu wataripoti rangi za vitufe mara kumi na kuwaficha wenzao walipopata jambo zito. Wapangeni wawili wawili, mmoja wa ufundi na mmoja wa mauzo au hesabu, kila jozi na sehemu yake. Mtu mmoja aunganishe ripoti zinazofanana papo hapo. Chai na mandazi ziwe za wote. Wala msinakili taarifa za wateja halisi kwenye seva ya majaribio. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu hata mkiwa wachache. Tungeni wateja wenu.

Swali: Tukikaa pamoja tunaishiwa na mawazo baada ya nusu saa. Tujaribu nini? – Msomaji, Kakamega

Jibu: Anzeni na majina yenu wenyewe. Sajilini Ng'ang'a, Nyang'au na Ong'ondo. Baadhi ya simu huandika alama ile ya ng' ikiwa imepinda, nyingine ikiwa imenyooka. Aliyesajiliwa kwa moja hapatikani akitafutwa kwa nyingine. Kisha namba: ileile moja iandikwe kwa 07, kwa 254 na kwa +254, muone kama mmepata wanachama watatu. Jaribuni pia zinazoanza na 01, kwani msimbo wa zamani huzikataa.

Mkimaliza hapo, nendeni kwenye tarehe. Seva nyingi hutumia saa za UTC (saa za kimataifa), ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Anayelipa saa saba usiku tarehe 1 anaweza kuandikwa mwezi uliopita, na ripoti ya mhasibu isilingane na taarifa ya M-Pesa. Kubadilisha saa ya simu hakutoshi. Badilisheni ya seva ya majaribio, mlipe, kisha mhasibu afungue ripoti ya miezi yote miwili mbele yenu.