Sevo ya mafuta inalia, na injini haizimiki kwa trimu

SWALI: Ndege yangu ya modeli ina injini ya glo (inayowashwa kwa plagi yenye waya wa moto). Nikipandisha stiki ya mafuta hadi juu, sevo (mota ndogo inayosukuma waya wa kabureta) inalia mfululizo. Nikiishusha pamoja na trimu (swichi ndogo ya kurekebisha kando ya stiki), injini haizimiki, inaendelea kunguruma. Nipunguze mwendo wa sevo kwenye rimoti?

JIBU: Usianzie kwenye rimoti. Sevo inalia kwa sababu rola ya kabureta (pipa linalozunguka kufungua na kufunga njia ya hewa) imeshagota, nayo bado inasukuma. Ikiachwa hivyo inakula betri ya risiva (kipokezi cha rimoti ndani ya ndege), na betri ikiisha angani unapoteza usukani wote, si mafuta peke yake.

Thibitisha kwanza. Tangi liwe tupu na plagi isiwe na moto. Chomoa waya unaotoka kwenye sevo pale unaposhikana na mkono wa kabureta, pandisha stiki hadi juu, kisha fungua rola kwa kidole mpaka mwisho. Kama klevisi (kishikio cha ncha ya waya) inapita tundu la mkono, mwendo wa sevo umezidi.

Rudisha mwendo wa sevo uliowekwa kwenye rimoti (mwendo wa rimoti) kwenye asilimia 100, stiki na trimu zote katikati. Weka rola nusu wazi. Mkono wa sevo na wa kabureta yote miwili isimame pembe mraba na waya. Usipolegeza mkono wa kabureta na kuugeuza hapa, upande mmoja utawahi kugota siku zote. Kisha chagua matundu: tundu la ndani kwenye sevo hupunguza mwendo, na la nje kwenye kabureta hupunguza mzunguko wa rola. Urefu wa waya urekebishe kwa klevisi. Kwa uzi wa M2, mzunguko mmoja ni milimita 0.4. Mwendo wa rimoti ni wa kumalizia tu. Ukilazimika kuushusha chini ya asilimia 70 hivi, rudi kwenye matundu, kwa sababu stiki inapoteza wepesi wake wa kupima mafuta.

Injini kutozimika mara nyingi husababishwa na skrubu ya kizuizi iliyo ubavuni mwa kabureta, inayozuia rola isifunge kabisa. Ilegeze kidogo kidogo hadi rola ifunge. Usiitoe: kwenye kabureta nyingi ndiyo inayoishikilia rola isichomoke. Stiki ikiwa chini na trimu katikati, bakiza mwanya wa milimita 1 au pungufu. Trimu ikishuka yote, mwanya uishe.

Angalia pia kama waya unapinda sevo inaposukuma. Waya mrefu upitishe ndani ya mrija uliobanwa kwenye fremu, vinginevyo vipimo vyote hivi vitakudanganya. Upande wa injini tumia klevisi ya nailoni au kiungo cha gololi, na uvalishe klevisi kipande cha mrija wa silikoni isifunguke. Kiungo cha kubana waya kwa skrubu kikae upande wa sevo, maana mtetemo wa injini hukilegeza.

Mwisho, injini ikiwa imezimwa, zima rimoti huku risiva inawaka. Rola ikibaki wazi, weka upya feilisefu (mpangilio wa risiva wa kufunga mafuta mawimbi ya rimoti yakipotea) kabla hujaruka.