Maji yanaingilia mdomoni mwa tangi

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza kwa nini pikipiki inamisi, yaani injini inakatakata, na kuzima kila ikilala nje usiku wa mvua, ilhali fundi wa hapo Ifakara ameshafungua kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, mara tatu, na kila mara akakuta maji.

Mwambie aiache kabureta, atazame juu. Kifuniko cha tangi lako kimelala sawa na bati, na chini yake, kuzunguka mdomo, pana kishimo chenye tundu dogo. Mvua inayopenya hushukia hapo, ikateremka kwa kibomba hadi chini ya pikipiki. Vumbi la kiangazi likijaa pale, masika yanaligeuza tope, tundu linaziba, maji yanatuama. Asubuhi ukifungua kifuniko kwenye kituo cha mafuta, yanamwagikia kwenye petroli. Ziba mdomo wa tangi kwa kitambaa, uzibue tundu kwa waya mwembamba. Mpira wa kifuniko ukiwa umekauka au kupasuka, badilisha. Na tafadhali usisafiri umekifunga kwa nailoni: kifuniko kina kitundu cha kupumulia, kikizibwa petroli haishuki.

Sasa yale yaliyokwisha kuingia. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini kabisa, na rizevu, yaani ile akiba ya mwisho ya petroli, huchota huko huko. Ndiyo maana ulisema ukigeuzia rizevu inazidi kumisi. Injini ikiwa imepoa, nenda nje, mbali na jiko na sigara. Funga koki ya petroli chini ya tangi, chomoa mpira wa petroli kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa nyeupe inayoonyesha ndani, kisha fungulia rizevu. Chupa ikitulia, utayaona maji yamejitenga chini. Rudia hadi yasionekane, ndipo ulegeze skrubu ya chini ya kibakuli cha kabureta umwage mabaki.

Jioni jaza tangi. Likiwa tupu limejaa hewa, na hewa ya bonde la Kilombero ina unyevu. Baridi ya alfajiri huugeuza matone ndani ya bati. Wanaokuoshea kwa pampu nao wasielekeze maji kwenye kifuniko wala kwenye chujio la hewa.

Mito ndiyo inayonikosesha usingizi. Mimi niliua injini nikivuka maji ya kufika kwenye siti. Ilizima, nikaisukuma mteremkoni nikaunga gia ili iwake, na kwa kuwa maji yaliyoingia ndani ya injini hayabonyeki, konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, ikapinda. Ikikuzimia majini, isukume hadi pakavu, chomoa plagi, piga kiki hadi maji yatoke yote. Tazama na oili: ikiwa rangi ya chai ya maziwa, usiwashe, imwage uweke mpya. Ukishavuka, bonyeza breki taratibu mara kadhaa ukiwa mwendo mdogo, maana breki za ngoma zikilowa hazishiki. Cheni ukifika nyumbani ifute, ipake oili.

Jumamosi toa hiyo petroli ya chini, unitumie picha ya chupa. Mama yako anakusalimu, anauliza kama koti la mvua limekufika.

Baba yako