Kwa unayeanza kuchunguza ganda la dunia chini ya migongo ya bahari

Ukikabidhiwa kwa mara ya kwanza data za mitetemo za mgongo wa bahari (safu ya milima chini ya maji ambako mabamba ya dunia huachana), utatamani kukimbilia modeli ya miamba iliyo chini yake. Subiri, anza na saa.

Kipima mitetemo, chombo kinachowekwa kwenye sakafu ya bahari, kikishazama hakipati tena mawimbi ya GPS. Saa yake hukimbia au huchelewa kidogo kidogo, ndiyo maana hulinganishwa na GPS kabla ya kushushwa na mara tu kinapoopolewa. Tena hakitui pale ulipokidondosha, maana mikondo hukisukuma. Kikikosewa mahali kwa mita 300, mawimbi ya mtetemo yaendayo kilomita 7 kwa sekunde yatakupa kosa la sekunde 0.04 hivi, na modeli italigeuza kosa hilo kuwa mwamba usiokuwepo. Kitafute kwa mawimbi yaliyopita majini moja kwa moja, kwa kasi ya kilomita 1.5 kwa sekunde. Kazi hii inachosha, lakini naithamini kuliko programu yoyote mpya.

Kinachowapoteza wengi zaidi ni kuisoma kasi ya mawimbi kana kwamba imetaja aina ya mwamba. Kwenye East Pacific Rise, mgongo wa mashariki mwa Bahari ya Pasifiki, ambako mabamba huachana haraka, mpangilio wa vitabuni unakubali: basalti (lava iliyoganda) juu, kisha daiki (kuta za mwamba ulioyeyuka ukaganda nyufani), kisha gabro (mwamba ulioyeyuka ukapoa polepole kinani), na mantili, tabaka lililo chini ya ganda, kwenye kina cha kilomita 6 au 7. Hata lenzi ya magma, dimbwi jembamba la mwamba ulioyeyuka, huonekana, kilomita 1 hadi 2 chini ya sakafu ya bahari. Usiibebe picha hiyo hadi Southwest Indian Ridge, mgongo wa kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, ambako mabamba huachana kwa milimita 14 hivi kwa mwaka. Huko maji hupenya nyufani na kuigeuza peridotiti, mwamba wa mantili, kuwa serpentini, madini yenye maji ndani yake, na peridotiti iliyogeuka nusunusu hupitisha mawimbi kwa kasi ileile ya gabro. Pale Atlantis Bank, mwinuko wa sakafu karibu na mgongo huohuo, shimo la 735B lilichimbwa mita 1,508 na karibu lote likatoa gabro. Hata hivyo, Moho (mpaka wa ganda na mantili) inayoonekana chini yake huenda ikawa tu kina ambacho maji yaliishia.

Vipimo vya graviti (nguvu ya uvutano) peke yake havitakuokoa, kwani serpentini hupunguza densiti pia. Tazama mawimbi ya S (yanayotikisa mwamba kuvuka njia yao): kwa kawaida serpentini huyapunguzia mwendo kuliko inavyoyapunguzia ya P (yanayousukuma na kuuvuta mwamba). Maji hayapitishi S, hivyo unayopata yamezaliwa sakafuni au chini yake, na huonekana vizuri zaidi kwenye chaneli za mlalo, zinazorekodi mtikisiko wa upande kwa upande. Chaneli hizo wengi huziacha bila kuzifungua. Zifungue.