Mkono wa fundi hautulii

SWALI: Shikamoo mama daktari. Baba yangu ana miaka 68, ni fundi cherehani hapa Bomang'ombe. Mwaka juzi mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka, hasa akiwa ameuweka tu mapajani. Akishika mkasi unatulia. Sasa anaburuta miguu, na akifika mlango wa chumbani anaganda kama amegundishwa sakafuni. Hospitali wamesema ni ugonjwa wa Parkinson, wakampa vidonge vya levodopa na kabidopa mara tatu kwa siku. Cha alfajiri, kabla ya chai, kinamsaidia. Cha mchana anakimeza na kiburu, yaani ndizi zilizopikwa na maharage, na maziwa mgando, na ni kama hajameza kitu. Shangazi anasema amerogwa na mteja aliyecheleweshewa gauni la harusi. Jirani mmoja mzee ametuletea mbegu za upupu tusage. Tufanyeje? Na mimi mwanawe nitaurithi?
Binti wa fundi, Hai

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tumalizane kwanza na shangazi. Kama kuchelewesha nguo ya harusi kungeleta ugonjwa huu, nchi hii isingebaki na fundi hata mmoja wa kutunga uzi sindanoni.

Chini katikati ya ubongo kuna kisehemu cheusi ambacho chembe zake hutengeneza kemikali iitwayo dopamini. Baba yako atanielewa nikisema ni kama mafuta ya cherehani: yakipungua, gurudumu linazunguka bado, lakini kwa uzito na kwa kukwama. Katika ugonjwa huu chembe hizo hufa polepole, na ndani yake hukutwa mabonge ya protini iitwayo alfa-sinukleini. Mkono unapoanza kutetemeka, sehemu kubwa ya chembe hizo imekwisha kupotea. Muulize mama yako kama miaka ya nyuma mzee hakulalamikia kufunga choo, au kutosikia harufu ya vitunguu vikikaangwa, au kurusha ngumi usingizini. Mara nyingi dalili hizo hutangulia.

Dopamini yenyewe ukiimeza haivuki kutoka kwenye damu kuingia kwenye ubongo. Levodopa inavuka, kisha inageuzwa kuwa dopamini hukohuko ndani. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Sweden aliwapa wanyama, wakiwemo sungura, dawa iliyowaacha wamelala bila kujimudu, akawadunga levodopa, wakaamka. Mwaka 2000 alishirikishwa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya dopamini. Kabidopa ni msindikizaji tu: inazuia levodopa isigeuzwe njiani, jambo ambalo huleta kichefuchefu na kuipoteza dawa.

Sasa kidonge cha mchana. Hakijaharibika. Levodopa na protini hugombea mlango mmoja, kwenye utumbo na tena kwenye kuingia ubongoni. Maharage ya kile kiburu na maziwa mgando ni umati uliojaa mlangoni. Kidonge kinabaki nje. Cha alfajiri kinapita kwa sababu tumbo liko tupu. Basi ameze kwa maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula. Akisikia kichefuchefu, atafune kipande cha muhogo au ndizi ya kuchemsha. Maharage, nyama na maziwa msimnyime, mtu wa umri wake anavihitaji. Visogezeni zaidi kwenye mlo wa jioni. Na saa ya dawa iheshimiwe kama saa ya basi. Asiache vidonge ghafla hata siku moja, ni hatari.

Mzee wa upupu hakukosea kama mnavyodhani. Mbegu za upupu zina levodopa ya kweli. Shida ni kipimo: mbegu hii si sawa na ile, na baba tayari anakunywa dawa hiyohiyo. Mkimjazia, presha inaweza kushuka akaanguka, au aanze kuona watu wasiokuwepo. Mshukuruni mzee, mbegu ziwekeni kando.

Jambo moja naomba mlichunguze. Zamani nilimwandikia mama mmoja kwamba ana Parkinson, nikajiona hodari. Bintiye akaja na mfuko wa dawa zake zote; ndani yake mlikuwa na metoklopramaidi ya kuzuia kutapika, aliyokuwa akinunua dukani miezi mingi. Dawa hiyo huizuia dopamini isifanye kazi. Tulipoisimamisha, mtetemeko ukaisha taratibu. Tangu hapo mgonjwa haniondokei kabla sijaona mfuko. Kwa hiyo baba akichefuliwa, msikimbilie duka la dawa. Rudini kwa daktari wake, zipo zinazomfaa.

Kuhusu wewe: wengi wanaougua hawakurithi moja kwa moja kwa mzazi. Hatari yako iko juu kidogo kuliko ya jirani yako, basi. Umri ndio sababu kubwa, na sumu fulani za shambani, kama parakwati, zimehusishwa nao. Anayepulizia dawa kwenye kihamba chenu avae glovu na asipulizie akikabili upepo.

Wala msijione peke yenu. Hukohuko Hai watafiti walipita nyumba kwa nyumba, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba wengi wa waliokutwa na ugonjwa huu walikuwa hawajawahi kutambuliwa. Baba yako ametambuliwa na anapata dawa, ingawa dawa hiyo haizuii chembe kuendelea kufa na kipimo kitabadilishwa miaka inavyokwenda.

Na ule mlango. Chukueni chaki yake ya kuchorea vitambaa, mchore mistari sakafuni kuvuka kizingiti, kila mmoja mbali na mwenzake kwa hatua moja. Akiganda, asilazimishe wala msimvute mkono. Asimame, apumue, atazame mstari, aukanyage, kisha unaofuata. Miguu iliyokataa kutii amri mara nyingi hutii mstari, naye amefuata mistari ya chaki maisha yake yote.