Shangazi, mimi sijajaliwa kipaji

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nina miaka 23, nipo Morogoro, nafanya kazi kwenye gereji ya pikipiki ya mjomba. Dada yangu anaimba kwaya, kaka anachora. Mimi sijajaliwa kitu. Watu wakinisifia naona aibu, maana wanasifia jambo dogo: pikipiki ikiwa bado inakuja barabarani, nishajua kwa mlio wake tu kama ubovu ni wa tapeti, cheni au kabureta. Wenzangu hufungua injini nzima wakitafuta. Mjomba ananikataza kumaliza haraka, eti mteja ataona hela yake imeliwa bure. Nitakijuaje kipaji changu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Unauliza kipaji chako kiko wapi, na jibu umeliandika mwenyewe, ukaliita jambo dogo. Unaliona dogo kwa kuwa halikutoi jasho. Unadhani kila mtu anasikia kama unavyosikia wewe. Je, hujawahi kumshangaa fundi mwenzako, “Huyu hasikii kelele hiyo?” Mshangao huo uuamini kuliko sifa za watu.

Siti binti Saad alitoka Fumba, Unguja, akitembeza vyungu mjini huku akinadi. Sauti ile ile ya kuitia wateja ndiyo iliyomfikisha Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za taarab. Ila katikati hapo alikaa chini akafundishwa kuimba. Nawe sikio unalo, mafunzo bado. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini, kwa hiyo huanzi sifuri. Nenda kaulize, na wakikupima sikiliza wanapokuambia umepungukiwa wapi. Huenda injini unaisikia vizuri lakini umeme wa pikipiki unakupiga chenga.

Kuhusu mjomba, sikubaliani naye hata kidogo, ingawa ni mkubwa wako. Dereva wa bodaboda pikipiki yake ikilala gereji, hesabu ya siku anayompelekea tajiri mwenye pikipiki inamngoja jioni vile vile. Fundi anayemrudisha kijiweni mapema ndiye atakayemtafuta tena, na atawaleta wenzake. Kaa na mjomba faragha, kwa adabu, mpange bei ya kutambua ubovu peke yake, mbali na bei ya kufungua. Na mteja akikusifia, mwambie asante. Hilo la “kawaida tu” liache kuanzia leo.