Mwanao na sarafu: usimkataze

Dada, pole na wasiwasi. Umeuliza kama ni vibaya mwanao wa miaka 10 kushinda na sarafu mkononi tangu aone mazingaombwe shuleni. Si uchawi hata kidogo, ni wepesi wa vidole. Wengi huanza hivyohivyo: jambo moja linawashangaza, usingizi hauji mpaka walijue. Harry Houdini, mfanya mazingaombwe maarufu aliyezaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1874, alisoma habari za maisha ya mfanya mazingaombwe Mfaransa, Robert-Houdin, akavutiwa hadi akajipa jina kutokana na lake. Mimi nilianzia kwa mjomba aliyenitolea shilingi 200 sikioni. Kumbe alikuwa ameibana kiganjani, kwenye nyama ya dole gumba, vidole vimelegea kama havina kitu! Mpe kioo ajifunzie mbele yake, na jioni mkae mumtazame.